Mtoto Asiyetulia: Je, Wako Wangapi Walio Kama Yeye?

Katika kila darasa yuko mtoto ambaye jina lake hutajwa kuliko majina ya wenzake wote. Mwalimu humwita asubuhi kwa kuwa amesimama hali wengine wamekaa. Humwita tena kwa kuwa amejibu kabla swali halijaisha. Humwita mara ya tatu kwa kuwa kalamu imepotea na daftari limesahauliwa nyumbani. Akirudi kwao mambo ni yale yale. Mama amtuma mtoni kuteka maji. Katikati ya njia aona mjusi, amfuata mjusi, na ndoo yabaki njiani. Baba amwambia akaamie ndege kwenye mpunga. Akaa kitambo kidogo tu, mara yuko juu ya mwembe. Usiku wakubwa huketi na kuulizana: “Mtoto huyu ana nini?”

Sisi tunaofundisha katika nchi hii, kuanzia Runingu na vijiji vingine vya tambarare ya Ruzizi mpaka Uvira na ufuko wa ziwa Tanganyika, twalisikia swali hilo mara nyingi. Majibu yake twayasikia pia. Mmoja husema: “Hana adabu, mama yake amemdekeza.” Mwingine husema: “Apigwe fimbo; samaki mkunje angali mbichi.” Wa tatu hunyamaza kwanza, kisha hunong'ona neno lililo baya kuliko yote: “Huyu si mtoto wa bure, ana kitu.” Ni wachache mno wanaosema: “Labda mtoto huyu ana taabu asiyoweza kuishinda peke yake, tumpeleke akatazamwe.”

Wasomaji wapenzi, leo twataka kueleza taabu hiyo ni kitu gani, na hasa watoto wangapi wanayo. Hesabu hiyo si mchezo wa wataalamu. Mtu akidhani kwamba mtoto wake ni wa peke yake duniani, atamwonea haya, atamficha au atamfukuza. Akijua kwamba watoto wa namna hiyo wako katika kila nchi na kila darasa, atamtazama kwa jicho lingine.

TAABU YENYEWE NI NINI?

Madaktari huiita upungufu wa umakini pamoja na utukutu uliopita kiasi. Wale wanaosoma Kifaransa, kama madaktari wetu wa Kongo, huiandika kwa herufi nne tu, TDAH; wenye kusoma Kiingereza huandika ADHD. Ni hitilafu katika kukua kwa ubongo, tena katika sehemu zile zinazomsaidia mtu kujizuia, kungoja, kukumbuka alichoagizwa na kushika kazi moja mpaka mwisho.

Dalili zake ni za namna tatu. Kwanza, mawazo hayatulii: mtoto asikia nusu ya maneno, aacha kazi kabla haijaisha, apoteza vitu kila siku. Pili, mwili hautulii: ainuka, akimbia, achezesha miguu na mikono, asema bila kikomo. Tatu, ana haraka: akata maneno ya wengine, hawezi kungoja zamu yake, atenda kwanza na kufikiri baadaye. Watoto wengine wana dalili zote. Wengine wana zile za mawazo peke yake, nao hukaa kimya nyuma ya darasa wakitazama dirishani.

Mtu asidhani kwamba mtoto huyu ni mjinga. Wengi wao wana akili nzuri. Tena jambo wanalolipenda waweza kulishika kwa saa nzima: mtoto asiyeweza kunakili mistari mitano ubaoni huenda akatengeneza gari la waya lenye magurudumu yanayozunguka vizuri kuliko lile la rafiki zake wote. Ndiyo sababu watu wazima hukasirika na kusema: “Akitaka aweza, basi hataki.” Lakini sivyo. Kinachompungukia si nia, bali ile nguvu ya kuyaelekeza mawazo yake mahali yanapotakiwa.

Tena jambo hili si geni, wala halikuletwa na simu na sinema za siku hizi. Mwaka 1902 daktari mmoja wa watoto, George Still, alitoa hotuba mbele ya madaktari wenzake huko London. Alieleza habari za watoto wenye akili timamu, ambao hata hivyo hawakuweza kujizuia wala kutulia, na adhabu haikuwageuza. Jina la taabu hiyo limebadilika mara nyingi tangu hapo. Hili la leo liliingia katika kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1987; watoto wenyewe walikuwapo siku zote.

HESABU YA WATAALAMU

Basi, wako wangapi? Mwaka 2007 Guilherme Polanczyk, daktari wa Brazili, na wenzake walikusanya hesabu 102 zilizofanywa katika sehemu zote za dunia, juu ya watoto na vijana 171,756. Walipozijumlisha waliona kwamba katika watoto 100, kadiri ya 5 wana taabu hii. Mwaka 2014 walirudia kazi ile kwa hesabu mpya. Wakaona kwamba kwa muda wa miaka 30 idadi haikuongezeka, na kwamba tofauti kubwa kati ya hesabu moja na nyingine hutokana hasa na namna ya kuhesabu, wala si na nchi anamokaa mtoto.

Mtu atauliza: “Hizo ni hesabu za Ulaya na Marekani, je, kwetu Kongo?” Naam, hata kwetu wamehesabu. Mwaka 2005 ilichapwa habari ya uchunguzi uliofanywa katika shule za Kinshasa juu ya watoto 1,187 wenye umri wa miaka 7 mpaka 9. Walimu wao ndio waliojibu maswali juu ya kila mtoto. Ikaonekana kwamba watoto 6 katika kila 100 walikuwa na dalili za taabu hii. Mwaka 2020 wataalamu wengine walijumlisha hesabu 12 za nchi mbalimbali za Afrika: wakapata watoto 7 au 8 katika 100. Kati ya wavulana walikuwa kama 11 katika 100, na kati ya wasichana 5.

Yafaa tuziweke hesabu hizo ndani ya madarasa yetu. Tukishika ile ya Kinshasa, darasa lenye watoto 60 litakuwa na watoto watatu au wanne wa namna hii; darasa la watoto 80 litakuwa nao watano hivi. Shule yenye watoto 500 itakuwa nao 30. Si jeshi, lakini si mmoja wala wawili. Mwalimu asemaye, “Katika miaka yangu yote sikuwahi kumwona hata mmoja,” amewaona wengi, ila aliwapa majina mengine: mtundu, mvivu, mkaidi, asiyesikia.

Hata hivyo, msomaji mwenye busara huuliza watoto walihesabiwa wapi, na nani aliyewahesabu. Katika hospitali ya Mulago, mjini Kampala, uchunguzi uliochapwa mwaka 2015 ulipata watoto 11 katika 100. Je, watoto wa Uganda wameshinda wa Kinshasa kwa utukutu? Hasha! Wale wa Mulago walikuwa wagonjwa waliokuja kutibiwa ubongo na akili. Katika kundi kama hilo lazima hesabu ipande. Huko Marekani mwaka 2022 wazazi waliulizwa kama daktari au mtaalamu mwingine wa afya alipata kuwaambia kwamba mtoto wao ana taabu hii; kwa watoto 100 wenye umri wa miaka 3 mpaka 17, wazazi wa 11 hivi walijibu ndiyo. Lakini hiyo ni hesabu ya walioambiwa, na kuambiwa hutegemea wingi wa madaktari na namna wanavyotazama. Kwetu, ambako madaktari wa akili ni wachache kabisa, walioambiwa ni haba, lakini walio nayo wako.

Wasichana nao wasisahauliwe. Hesabu huonyesha kwamba wavulana ni kama mara mbili yao. Lakini sababu moja ni kwamba msichana wa namna hii mara nyingi hasumbui mtu. Hapandi meza, hapigani. Yeye huota tu macho wazi, na somo lampita kama maji ya Ruzizi yapitavyo chini ya daraja. Mwishoni mwa mwaka ashindwa mtihani, na watu wasema kwamba kichwa chake si cha kusoma. Akiachishwa shule hakuna atakayeuliza kwa nini.

SI KILA MTOTO MTUKUTU ANA TAABU HII

Sasa hatuna budi kuonya upande wa pili. Ni kosa kumwita kila mtoto mchangamfu mgonjwa. Mtoto aumbwa kukimbia. Kitabu cha madaktari kilichotolewa mwaka 2013 chaweka masharti makali: katika dalili 9 za mawazo, au 9 za utukutu na haraka, mtoto awe nazo 6 au zaidi, ziwe zimedumu muda wa miezi 6 au zaidi, baadhi yake ziwe zilionekana kabla hajatimiza miaka 12, zionekane mahali zaidi ya pamoja, yaani nyumbani na shuleni, tena ziwe zinamharibia masomo au maisha yake. Mtoto asumbuaye shuleni tu, na nyumbani ni mpole kama mwana-kondoo, yafaa kwanza kuitazama shule yenyewe.

Umri pia hudanganya. Uchunguzi uliochapwa mwaka 2012 katika jimbo la British Columbia, nchini Kanada, ulionyesha kwamba wavulana waliozaliwa Desemba, ndio wadogo kuliko wote darasani mwao, walipewa jina la taabu hii kwa asilimia 30 zaidi kuliko wale waliozaliwa Januari. Ubaya wao ulikuwa huu tu, kwamba walikuwa bado wachanga. Katika madarasa yetu, ambamo mtoto wa miaka 6 huenda akakaa benchi moja na mwenye miaka 9, kosa hilo ni rahisi zaidi.

Tena ziko sababu nyingi za hapa kwetu. Mtoto aliyekuja shuleni bila kula hawezi kutega sikio mpaka adhuhuri. Mwenye usaha sikioni hasikii, asiyeona vizuri hasomi ubaoni, na wote wawili waonekana kama wasiojali. Iko namna ya kifafa ambayo haimwangushi mtoto. Humzimisha kwa nukta chache tu, akatazama pasipo kuona, kisha akaendelea. Na tangu mwezi wa Septemba 2019, serikali ilipoanza kutekeleza elimu ya msingi bila malipo, watoto wengi walipata nafasi ya kusoma, nasi twashukuru. Lakini madarasa yalijaa, na mahali watoto watatu walipoketi, wakaketi watano. Katika mbanano huo hata mtu mzima hawezi kutulia.

Malaria nayo ina neno lake katika habari hii. Huko Kampala wataalamu waliwafuata watoto waliopona malaria iliyopanda kichwani. Habari waliyochapa mwaka 2008 ilionyesha kwamba, miaka 2 baada ya kupona, watoto 26 katika 100 walikuwa na upungufu wa akili, na hasa katika kushika mawazo; kwa watoto ambao hawakuugua walikuwa 8 tu katika 100. Sisi wa tambarare ya Ruzizi twawajua mbu wetu. Chandarua cha usiku ni ulinzi wa damu, na ni ulinzi wa shule pia.

Mwisho kuna hofu. Tangu mwaka 1996 nchi yetu imepita katika vita baada ya vita. Na mwezi wa Aprili 2020 mafuriko yalizoa nyumba nyingi mjini Uvira. Mtoto aliyekimbia usiku, aliyeona aliyoyaona, hushtuka, hakosi usingizi mbaya, hasikii aambiwalo. Dalili zake hufanana sana na zile tulizozieleza. Basi mzazi ajiulize: “Je, alikuwa hivi kabla ya siku zile?” Akiwa hakuwa, mtoto huyo ana jeraha la moyo, na dawa yake ya kwanza ni usalama na watu wa kukaa naye kwa upole.

CHANZO CHAKE, NA NENO LA UCHAWI

Wazazi wengi hujilaumu. Lakini uchunguzi juu ya mapacha umeonyesha kwamba taabu hii hurithiwa kwa kadiri kubwa, kama urefu wa mwili unavyorithiwa. Mara nyingi baba au mjomba, akiulizwa, hucheka na kusema: “Hata mimi nilikuwa hivyo hivyo.” Watoto waliozaliwa kabla ya wakati, au wenye uzito mdogo sana, nao wako hatarini zaidi. Malezi mabaya hayaizai taabu hii, ingawa yaweza kuizidisha. Nayo malezi mema huipunguza.

Sasa tuseme waziwazi juu ya lile neno la kunong'ona. Katika Kongo watoto wengi wamesingiziwa uchawi: yatima, wenye kifafa, wakojozi, wakaidi, na hao wasiotulia. Wamepelekwa kwa watu wanaojidai kufukuza pepo, wakafungwa, wakanyimwa chakula, wakapigwa. Wengine wamefukuzwa nyumbani kabisa. Taarifa ya shirika la Human Rights Watch ya mwaka 2006 juu ya watoto wa barabarani wa Kongo ilieleza mambo hayo kwa urefu. Sheria ya nchi ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto yakataza kumsingizia mtoto uchawi, na humwadhibu afanyaye hivyo. Lakini sheria i mbali, jirani yu karibu. Jirani anayejua kwamba watoto 6 katika 100 huzaliwa hivi aweza kuokoa nyumba kwa neno moja.

LA KUFANYA

Kwanza, mtoto atazamwe. Aanze katika kituo cha afya: macho, masikio, damu, minyoo, chakula, usingizi. Ikibaki mashaka, mwuguzi aweza kuonyesha njia ya mbele. Huko Bukavu kiko kituo cha SOSAME cha Mabruda wa Upendo, na ng'ambo ya mpaka, katika Kamenge mjini Bujumbura, iko hospitali ya magonjwa ya akili. Kwenda huko si aibu. Wanaotibiwa huko si wenye wazimu tu.

Pili, dawa. Ziko dawa zinazosaidia wengi. Ile ijulikanayo sana, methilifenideti, ilitengenezwa mara ya kwanza nchini Uswisi mwaka 1944. Lakini ni dawa ya kutolewa na daktari peke yake, akimfuata mtoto kwa karibu. Mzazi asinunue kidonge chochote sokoni kwa kusikia jina tu. Na kwa watoto wadogo wasiofika miaka 6, madaktari hutanguliza mafunzo kwa wazazi kabla ya dawa.

Tatu, shuleni. Mwalimu asiye na dawa wala daktari ana mengi mkononi mwake. Amkalishe mtoto huyu mbele, mbali na mlango na dirisha. Ampe agizo moja kwa wakati mmoja, fupi, akimtazama usoni, kisha amwambie alirudie. Kazi ndefu aikate vipande. Ampe ruhusa ya kutumia miguu yake kwa faida: afute ubao, agawe madaftari, apeleke barua kwa mkuu wa shule. Amsifu papo hapo anapotenda vema, maana sifa ya kesho yeye haioni. Na adhabu, ikilazimika, iwe ndogo, ya haraka, isiyobadilika, wala isiwe ya fimbo. Fimbo humfundisha kuogopa shule, haimfundishi kutulia.

Nne, nyumbani. Saa za kula, kulala na kusoma ziwe zile zile kila siku. Vitu vyake viwe na mahali pamoja. Akitumwa, atumwe kwa jambo moja. Akirudi nalo, apewe la pili. Na baba na mama wapatane, kwa kuwa mtoto huyu, akipata amri mbili zinazopingana, hazishiki zote mbili.

Wazee wetu wa ziwani hawakukosea waliposema samaki akunjwe angali mbichi. Lakini kila mvuvi ajua kwamba samaki mbichi hukunjwa taratibu, kwa mikono miwili. Akikunjwa kwa hasira hukatika. Wengi wa watoto hawa hutulia kwa sehemu wakikua. Wengine hubaki na taabu yao hata wakiwa watu wazima, nao hujifunza kuishi nayo wakipata msaada mapema.

Basi, ninyi walimu, mwaka wa shule ukianza, wahesabuni watoto wenu si kwa idadi yao tu. Mkiwa na 60, jueni kwamba watatu au wanne wanangoja mtu wa kuwatambua. Nanyi wanafunzi mnaosoma gazeti hili, mwenzenu asiyetulia msimcheke wala msimchokoze ili apigwe. Msaidieni kutafuta kalamu yake.